Programu Ndani ya Kaseti: Maneno Niliyowaambia Mafundi wa Moshi

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya mafundi redio, mafundi simu na wanafunzi wa ufundi waliokusanyika hapa Moshi. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha, kwa kuwa zilichoonyesha kinaelezeka kwa maneno.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, dada zangu na kaka zangu, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni kwa kukosa viti, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta hii iliyopo mezani. Naomba niinyanyue ili walio nyuma nao waione. Ni nyeusi, ukubwa wake ni karibu sawa na daftari dogo la shule, vitufe vyake arobaini ni vya mpira wa kijivu, na pembeni kulia ina mistari minne ya rangi: nyekundu, njano, kijani na samawati. Inaitwa ZX Spectrum. Ilitolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Uingereza mwaka 1982, na iliunganishwa katika kiwanda cha Timex kilichokuwa mjini Dundee, Uskoti. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 48. Simu janja iliyo mfukoni mwako, kijana, hata kama ni ya bei nafuu, ina kumbukumbu inayoizidi hii kwa makumi ya maelfu ya mara.

Kila ninapoitoa hadharani naulizwa swali lile lile: programu zake utazipata wapi? Anayeuliza huwa anafikiria diski, au flashi, au kitu cha kupakua kwa kubonyeza mara moja. Leo nataka kulijibu swali hilo kwa utulivu, kwa sababu jibu lake linawahusu ninyi mafundi redio kuliko linavyowahusu wataalamu wa kompyuta. Programu za mashine hii zilikuwa sauti. Ziliuzwa katika kaseti, kaseti hizi hizi za kwaya na za muziki wa dansi, na mashine ilizisikiliza. Je, katika mji huu ni nani anayejua kuifikisha sauti safi kutoka kwenye kaseti hadi mahali pengine, kama si fundi redio?

Niwaeleze kwanza ilivyofika hapa. Baba yangu mkubwa alikuwa mhasibu. Alipelekwa Uskoti kwa masomo, akarudi mwaka 1985, na katika begi lake, katikati ya masweta, ndimo mashine hii ilimokuwa. Wazee wangu mnakumbuka kwamba tangu mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pia zilikuwa ndani ya katazo hilo. Kwa maelezo ya familia, ofisa mmoja wa forodha aliigeuza geuza mkononi, akabonyeza mpira, akauliza ni kitu gani. Baba Mkubwa akajibu kwamba ni kikokotoo. Kwa mhasibu, hilo halikuwa uongo mkubwa.

Tabu haikuishia hapo. Mashine hii haina kioo chake, inataka televisheni. Na huku Tanzania Bara hatukupata kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Hebu fikirieni mtu anayetafuta televisheni mahali ambapo hakuna cha kutazama! Alipata ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na tukimuuliza Mama Mkubwa ilipitaje mpakani Holili, hutabasamu tu na kutukaribisha chai.

Baba Mkubwa alipofariki, baada ya kuondoa tanga, Mama Mkubwa aliniita pembeni akanikabidhi sanduku la bati lililokuwa darini. Ndani yake mlikuwa na mashine, waya mbili zilizofungwa kwa utepe wa kitambaa, na kaseti nne. Kifaa cha umeme hakikuwemo. Kaseti mbili zilikuwa za michezo ya dukani, na mkanda wake ulikuwa umeshikwa na ukungu mweupe. Mbili zilikuwa za kawaida, zenye mwandiko wake kwa kalamu nyekundu: KAHAWA 1 na KAHAWA 2. Chini ya jina la pili aliandika neno moja, "imehakikiwa". Hizo nitazirudia.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ni kuijua mashine yako kabla ya kuitafutia chochote, na kuijua huanza na umeme.

Mtoto wa kaka yangu, kijana anayesoma kompyuta chuoni, alikuwepo siku nilipolifungua sanduku lile. Kwa moyo mwema kabisa alikwenda chumbani akarudi na adapta ya volti 9 ya kifaa cha intaneti. Mdomo wake uliingia vizuri kwenye tundu, tena kwa kubana. Nilimshika mkono. Nani hapa anajua kwa nini? Naona mkono wa mzee pale mbele. Ndiyo, mzee wangu: adapta nyingi za leo zina chanya katikati na hasi nje, na mashine hii imefanywa kinyume, hasi katikati na chanya nje. Ukiichomeka ile ya leo, transista inayozalisha volti nyingine ndani inaondoka kwanza, na haiondoki peke yake. Tulitengeneza adapta yetu, volti 9 na ampea moja na nusu, tukageuza waya, tukapima kwa mita mara tatu.

Nimesema volti nyingine. Kilobaiti 16 za mwanzo za kumbukumbu yake zimo katika chipu nane ambazo kila moja inataka volti tatu tofauti: 5, 12, na hasi 5. Ile hasi 5 ikikosekana huku nyingine zipo, chipu zinapata moto na kufa. Kwa hiyo nilibadili kwanza kapasita zote za elektroliti, kisha nikawasha kwa sekunde chache, ncha ya mita ikiwa tayari kwenye pini ya kwanza ya chipu mojawapo. Mita ikaonyesha hasi 5. Niliizima, nikaketi, nikanywa maji.

Hapa nitoke kidogo nje ya njia, kwa sababu najua wengi wenu mnakula kwa vipuri vya mitumba kutoka masoko ya Kiboriloni na Mbuyuni. Zile kilobaiti 32 zilizobaki zimo katika chipu nyingine nane, ambazo kiasili zilitengenezwa ziwe kubwa maradufu, lakini nusu yake ilitoka kiwandani ikiwa na kasoro. Sinclair alizinunua kwa bei nafuu, akatumia nusu nzima na kuiacha nusu mbovu. Kompyuta iliyoingia katika nyumba nyingi za Uingereza ilijengwa kwa vipuri ambavyo mwingine angevitupa. Nikisikia mtu anawacheka mafundi wa mitumba, huwa naikumbuka habari hii.

Televisheni ya kisasa haikutusaidia. Mashine inarusha picha yake kwa njia ya antena, kwenye chaneli ya 36, kwa mfumo wa analojia, na ninyi mnakumbuka kwamba tulianza kuizima mitambo ya analojia Desemba 2012, tukahamia kwenye ving'amuzi. Nilipata TV ya chogo kwa jirani, aliyekuwa ameigeuza kuwa meza ya maua. Tulitafuta chaneli taratibu kwa kitufe cha kidole, chenga zikapungua, na chini ya kioo yakatokea maandishi madogo meusi yenye jina la Sinclair na mwaka 1982.

Kisha nikabonyeza kitufe, na hakuna kilichotokea. Chini ya vitufe vya mpira kuna utando wa plastiki wenye mikia miwili inayoingia kwenye soketi, na mikia hiyo ikizeeka hukauka na kukatika kama jani la mgomba la mwezi wa pili. Utando mpya unatengenezwa mpaka leo na unaweza kuagizwa, lakini sikuwa na subira. Nilikata milimita chache za mwisho zilizopasuka, nikausukuma mkia ndani tena, na vitufe vikaamka.

Sasa swali: hii ni mashine ya kilobaiti 16 au 48? Zilitoka za aina zote mbili, na kwa nje hazitofautiani. Usikisie. Unaiuliza mashine yenyewe. Unaandika PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, unabonyeza ENTER. Ikijibu 32767, ni ya 16. Ikijibu 65535, ni ya 48. Yetu ilijibu 65535. Tangu hapo nilijua ninachotafuta, na hapo tu ndipo nilipomruhusu kijana kuingia mtandaoni.

Kutafuta kwenyewe ni rahisi kuliko mnavyodhani, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kuna watu waliotunza vitu hivi kwa miaka mingi. Mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Martijn van der Heide, alianzisha hazina ya mtandaoni iitwayo World of Spectrum, na maelfu ya programu zimehifadhiwa humo na katika hazina nyingine zilizofuata. Uzito wake hauwezi kukumalizia bando, kwani programu nyingi za mashine hii hazizidi kilobaiti 48, na picha moja ya harusi unayotumiwa asubuhi ina uzito wa programu kadhaa.

Kijana wetu alirudi jioni na flashi yenye mafaili mia sita. Alikuwa na furaha kubwa, na mimi nikafurahi naye. Tulikaa usiku wa kwanza, tukakaa usiku wa pili. Hakuna hata moja lililoingia. Kwa nini?

Karibu yote yalikuwa mafaili yanayoishia kwa z80 au sna. Mafaili ya namna hiyo ni picha ya kumbukumbu ya mashine iliyopigwa wakati programu tayari inakwenda. Ni kama kumpiga picha mtu akiwa katikati ya wali: unaona sahani na kijiko, ila huwezi kujua wali ulipikwaje. Emuleta, yaani programu inayoiigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya leo, inaipenda picha hiyo kwa sababu inafungua mara moja. Lakini mashine halisi inasubiri kaseti. Zipo njia za kugeuza picha kuwa kaseti, ila hiyo ni kazi nyingine na haina haja, kwa sababu kaseti zenyewe zimehifadhiwa katika mafaili yanayoishia kwa tap au tzx. La tap linabeba baiti zilizokuwa kwenye kaseti. La tzx linabeba na urefu wa mawimbi yenyewe, na ndilo la kutafuta pale kampuni ilipotumia njia yake ya pekee ya kurekodi ili kuharakisha upakiaji au kuzuia watu wasinakili. Na katika yale mia sita, mengine yalikuwa ya mashine ya kilobaiti 128, ambayo kwetu hayawezi kukaa hata ukiyabembeleza.

Kijana alikuwa amechagua kwa jina la mchezo. Alipaswa kuchagua kwa aina ya mashine, kisha kwa aina ya faili, na jina lije mwisho.

Niseme na hili, kwa kuwa mmoja wenu aliniuliza kabla hatujaanza. Je, ni halali? Programu kongwe bado ina mwenyewe, na Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986, na mwaka ule ule wa 1999 iliruhusu programu ya msingi iliyo ndani ya mashine hii isambazwe pamoja na emuleta. Waandishi wengi wa michezo nao wameruhusu. Wengine wamekataa, na hazina zinazojiheshimu hazitoi kazi zao. Nami sizitafuti kwingine.

Kuna desturi moja ninayoisisitiza kwa wanafunzi. Kila faili lijaribiwe kwanza ndani ya emuleta. Likienda humo, faili ni zima, na likigoma kwenye mashine halisi, kosa liko kwenye waya, au kwenye sauti, au kwenye mashine. Mafundi, si ndivyo tunavyofanya kwa redio? Unaweka spika nzuri kwanza, ndipo unailaumu ampilifaya.

Tumefika kwenye sauti, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndiyo sehemu ninayoipenda.

Faili la tap linageuzwa kuwa sauti kwa programu ndogo ya kompyuta au ya simu. Sauti hiyo unaisikia hivi. Kwanza ni mlio mmoja mrefu ulionyooka, wa mitetemo kama 800 kwa sekunde, unaodumu sekunde tano hivi. Huo ni wa kuiamsha mashine. Kisha mkwaruzo mfupi, ambao ndio kichwa: unataja aina ya kipande kinachokuja, jina lake lisilozidi herufi kumi, na urefu wake. Mlio ulionyooka unarudi kwa sekunde mbili. Halafu ndipo unakuja mwili wenyewe, kelele kama ya mvua ya mawe juu ya bati. Ndani ya kelele hiyo, wimbi fupi ni sifuri, na wimbi lenye urefu maradufu ni moja. Hakuna siri nyingine. Mashine inapima urefu wa kila wimbi na kuandika sifuri au moja, biti kama 1,500 kwa sekunde, na programu kubwa inachukua takriban dakika tano.

Mwisho wa kila kipande kuna baiti moja ya ukaguzi inayokokotolewa kutokana na zote zilizoitangulia. Waliowahi kukaa ghalani msimu wa kahawa wanaijua: karani anaandika kilo za kila mkulima, na chini ya ukurasa anaweka jumla. Jumla ikikataa, ukurasa mzima unakataliwa, hata kama kosa ni la mtu mmoja. Mashine hii nayo ni hivyo. Inaweza kukusikiliza dakika nne kwa utii, mistari ya buluu na njano ikikimbia pembezoni mwa kioo, halafu mwishoni ikakuandikia kwamba kaseti ina kosa. Na hilo kosa linaweza kuwa biti moja tu.

Tulichomeka simu kwenye tundu la EAR, ambalo mashine husikilizia. Niliandika amri ya LOAD, ambayo haiandikwi herufi kwa herufi. Kitufe cha J peke yake kinaleta neno zima. Nikaongeza alama mbili za kunukuu, nikabonyeza ENTER, kijana akacheza sauti. Kimya. Jeki ya simu ni ya stereo, tundu la mashine ni la mono, na zinapokutana upande mmoja wa sauti unagusana na ardhi. Tulilehemu waya mpya wenye jeki ya mono upande wa mashine, tukitumia chaneli moja tu. Tukaondoa besi na vikorombwezo vyote ambavyo simu inaongeza ili muziki upendeze, kwa maana kinachopendeza sikioni hapa kinaharibu umbo la wimbi. Sauti tukaipandisha hadi juu. Mistari myekundu na samawati ikatokea pembezoni, na kwenye kioo likaandikwa jina la programu.

Mliokuwepo nyumbani kwangu siku ile mnajua kilichofuata. Dakika ya nne na kitu, watoto wamenyamaza, jirani amesimama dirishani kuangalia TV yake, simu ikalia ting! Ujumbe wa pesa: umepokea shilingi elfu kumi na tano. Mashine iliupokea ujumbe huo kama sehemu ya programu, na ikakataa kila kitu. Nilimpigia aliyetuma pesa kumshukuru, lakini sauti yangu haikuwa ya shukrani. Tangu siku hiyo simu inayopakia programu inawekwa kwanza katika hali ya ndegeni.

Jaribio lililofuata liliingia. Sitawachosha kwa michezo tuliyocheza.

Niwarudishe kwenye kalamu nyekundu. Michezo ya dukani iliyokuwa na ukungu sikuhangaika nayo, kwa sababu ilikwishahifadhiwa na wengine. Lakini KAHAWA 1 na KAHAWA 2, je? Tafuteni mtandao mzima, hamtazipata. Nakala ilikuwa moja duniani, nayo ilikuwa darini Kibosho, juu ya jiko la kuni.

Kijana aliichezesha KAHAWA 2 kwenye redio kaseti mara kumi na moja. Mara kumi na moja ilikataa. Aliirekodi kwenye kompyuta ya mkononi, akaisafisha kwa programu za kisasa, ikakataa. Wenzake wa chuoni walikuja wawili, wakakaa mpaka usiku, wakasema mkanda umekufa.

Nikamchukua mzee mmoja fundi redio wa Majengo, mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta maishani mwake na anasema wazi kwamba hana mpango wa kuanza. Hakuuliza mashine inafanya nini. Aliitazama kaseti kwenye mwanga, akaizungusha kwa kalamu kwenda na kurudi ili mkanda uachane, akasafisha hedi, yaani kile kipande cha redio kinachousoma mkanda, kwa spiriti na pamba, akaangalia kile kisponji kidogo kinachousukuma mkanda kama bado kipo. Kisha akaweka sikio. Baada ya muda akasema, "Huyu alirekodi kwa redio ambayo hedi yake imelala." Akaingiza bisibisi nyembamba kwenye skrubu iliyo kando ya hedi, akaigeuza kwa chini ya robo mzunguko, na ile kelele iliyokuwa kama imefunikwa na blanketi ikafunguka, ikawa kali kama nyenje wa mchana. "Hapo," akasema.

Mafundi wenzangu, alichofanya mnakijua. Sisi sote tumefundishwa kuinyoosha hedi iwe sawasawa. Yeye aliilaza kwa makusudi, iwe sawa na ubaya wa redio ya Baba Mkubwa ya mwaka 1986. Hedi iliifuata kaseti. Tukiisha kuinakili kaseti hiyo, akairudisha mahali pake.

Tulirekodi kwanza sauti yote kwenye kompyuta, mara tatu, bila kuisafisha wala kuibana, kabla ya kujaribu kitu kingine chochote, kwa sababu mkanda wa umri huo unaweza kukatika mkipiga makofi. Ndipo tukaipeleka kwenye mashine. Kioo kikaandika: Program: KAHAWA 2. Baada ya dakika mbili kasoro kelele zikakoma, kioo kikafutika, na juu yake yakatokea maneno: JINA LA MKULIMA?

Niliganda. Sikuwa nimewahi kuona mashine ya umri huu ikiuliza kwa Kiswahili. Mama Mkubwa alikuwa ameketi nyuma yetu. Akataja jina la baba yake mzazi. Nikaliandika. KILO? Akasema, andika mia na ishirini. Mashine ikapiga hesabu ya malipo ya kwanza, ikatoa makato, ikaacha nafasi ya majaleo, yaani malipo ya nyongeza ya baadaye. Baba Mkubwa alikuwa akiwasaidia makarani wa chama cha msingi jioni, umeme ukiwepo, na ulipokatika kila kitu kilifutika isipokuwa kilichokuwa kwenye kaseti. Ndiyo maana aliandika "imehakikiwa": baada ya kurekodi aliirudisha kaseti mwanzo akaiambia mashine isikilize tena na kulinganisha.

Na KAHAWA 1? Niliogopa kuuliza, kwa sababu tulipoicheza tulisikia kwaya. Nyimbo za Pasaka, sauti nne, nzuri sana. Mama Mkubwa alicheka mpaka machozi. Alihitaji kaseti, akaichukua iliyokuwa karibu, na kwa maneno yake mwenyewe, ilikuwa na kelele tu. Ila kwaya iliisha kabla ya mkanda. Baada ya wimbo wa mwisho kuna kikohozi cha mtu, kitufe cha redio kinabanwa, na mara moja nyenje wanaanza kulia: mkia wa programu, sekunde arobaini hivi.

Kichwa hakipo, kwa hiyo Spectrum haiwezi kuipakia. Lakini biti zipo. Tulizisoma kwa kompyuta, na kwa kuwa baiti moja ni biti nane, nasi hatukujua inaanzia wapi, tulijaribu mianzo minane, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukatokea ule uliotoa maneno yanayosomeka. Katika lugha ya mashine hii kila mstari wa programu unaanza na namba yake na urefu wake, hivyo ukishaukamata mmoja, unaofuata unajitokeza wenyewe. Wa kwanza kuupata ukiwa mzima ulikuwa mstari wa 330. Baada yake upo mmoja unaosema PRINT "MAJALEO", na mwingine unaomuaga mtumiaji kwa ASANTE KARANI.

Kuanzia mstari wa 330 kwenda chini ninayo yote. Kabla ya hapo ni Pasaka. Lakini Mama Mkubwa anakumbuka kwamba Baba Mkubwa alikuwa na mazoea ya kumpa karani mwenzake nakala ya kaseti amtunzie, hata kama huyo karani hakuwa na mashine, kwa hofu ya moto na ya panya. Karani huyo alikwishatangulia, na watoto wake wametawanyika, Pasua, Himo, wengine Arusha. Kwa hiyo nawaomba, wazee wangu na vijana, mkirudi nyumbani mfungue madebe na masanduku. Mkikuta kaseti yenye mwandiko wa kalamu nyekundu, au yoyote inayolia kama nyenje, msiicheze kwenye redio msiyoiamini na msirekodi juu yake. Ileteni hapa. Leo nipo mpaka saa kumi, yule mzee wa Majengo ameahidi kupita baada ya chakula cha mchana, na bisibisi yake anayo.